Nafasi ya Hubert Kwenye Maporomoko

Jumamosi asubuhi Célestine alikuwa anaponda ndizi za chakula kiitwacho lituma. Mumewe, Hubert, alikuwa anakunja nguo zake na kuzitia katika mfuko. Kila nguo iliyoingia ilimchoma Célestine moyo.

"Papa Exaucé, umefikiri vizuri?" aliuliza. Alimwita hivyo kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Nimefikiri, nimemaliza. Hapa Kisangani kazi haiko. Benoît iko Kolwezi miaka miwili sasa. Anasema migodi inatafuta watu kila siku."

Benoît ni mdogo wake Hubert. Kila akipiga simu alimwita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema, "Yaya, kuja! Kazi iko mingi!"

Sasa sikilizeni kilichomtisha Célestine. Ukoo wa Hubert ni wavuvi wa maporomoko. Kila familia ina nafasi yake, ambapo inasimika miti katikati ya maji makali na kufunga mitego mikubwa. Katika ukoo huo, anayehama humkabidhi ndugu nafasi yake mbele ya wazee. Akishaikabidhi, basi, hairudi tena. Benoît alikabidhi yake alipoondoka. Hubert alikuwa aikabidhi yake kesho yake, baada ya misa, kwa baba yake mdogo, tonton Ruffin.

Mara akaingia jirani yao, mama Micheline, kuomba makaa ya moto. Yeye anafanya kazi katika mtaa wa Makiso, kwenye ofisi inayoandikisha watu wanaotafuta kazi. Aliuona ule mfuko.

"Unakwenda wapi?"

"Kolwezi. Kazi ya mgodi."

"Mgodi gani? Nani amekuita?"

"Benoît," Hubert alijibu.

"Bon. Mpigie sasa hivi. Usimuulize kama kazi iko. Muulize yeye mwenyewe jana alifanya nini."

Hubert alipiga, akaongeza sauti ya simu ili wote wasikie.

"Benoît, jana ulifanya kazi gani?"

 

"Yaya... jana nilibeba magunia sokoni. Juzi sikupata kitu. Mgodini sijaingia hata siku moja."

Mchi ulimponyoka Célestine. Miaka miwili!

"Mbona ulitudanganya?" Hubert alifoka.

"Ningesema nini? Nafasi yangu nimeshaitoa. Ningerudi kufanya nini?" Sasa Benoît alikuwa analia, mwanaume mzima. "Na huku niko peke yangu, yaya. Nilitaka tuwe wawili."

Loo! Hubert aliketi chini kama mtu aliyepigwa. Ndugu yake wa tumbo moja!

Simu ilipokatika, mama Micheline akasema polepole:

"Benoît hakudanganya yote. Kazi za mshahara kule ni nyingi kuliko huku. Lakini wanaozitafuta wanatoka pande zote za nchi. Kazi kumi zikipatikana, wanafika watu mia. Tena mgodi unataka fundi umeme, dereva wa mashine, mutu mwenye karatasi za shule. Na bei ya madini ikishuka, hata hao wanafukuzwa. Donc, basi usiulize tu mkoa gani uko na kazi. Uliza nani anatafuta kazi unayoijua wewe, na wapi."

"Mimi sina kazi ninayojua. Ninavua tu."

"Nani anasimika miti kwenye maji yanayopindua mitumbwi?"

"Mimi."

"Na unasema hujui kazi! Acha mchezo. Jumatatu njoo ujiandikishe."

Jumapili tonton Ruffin alifika amevaa shati jipya, tayari kupokea nafasi. Hubert alisimama mbele ya wazee.

"Tonton, unisamehe. Nafasi yangu sitoi."

Ruffin alinuna, akakataa hata chakula. Célestine alitaka kupiga vigelegele. Akajizuia kwa heshima.

Hubert alijiandikisha. Wiki tano zilipita bure, akaanza kunung'unika. Wiki ya sita mama Micheline alimwita. Huko Yangambi mjenzi mmoja alikuwa anatengeneza gati, na alitaka watu wa kusimika miti mtoni. Hubert alipata mkataba wa miezi sita. Nduguze walimlindia mitego, na nafasi ilibaki kuwa yake.

Aliporudi mara ya kwanza kuwaona watoto, alimpigia Benoît. Célestine alikuwa karibu, akisikiliza.

"Yaya, bado una hasira?"

"Ninayo, tena sana. Lakini sikiliza. Mjenzi anataka watu wengine wanne wanaojua miti ya majini. Tumepata watatu."



"Na wa nne?"

"Iko Kolwezi," Hubert alisema. "Mwambie arudi nyumbani."