Jumamosi Nitakupigia

"Chumvi, uko wapi wewe? Watu wamejaa huku kama siafu, na kibanda chako kimefungwa!"

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kichwa. Kata simu, Barafu, namsubiri mtu."

"Kichwa kinamsubiri mtu?"

Nikakata mwenyewe. Barafu ni jirani yangu wa kibanda, anauza juisi, na mdomo wake haujui likizo. Siku ile sikutaka aishike laini yangu. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeoga, nimejipaka mafuta, utadhani simu ina macho. Dirisha nimefunga. Hata feni nimezima, na joto lile! Sikutaka kitu chochote kinizuie kuisikia ikilia.

Mtu niliyemsubiri alikuwa mpiga ngoma, na watu wanamwita Kimya. Ndivyo ua wetu ulivyo, vituko vitupu. Ni ua mkubwa nyuma ya soko, na kila jamii iliyohamia mji huu ina kibanda chake: huyu anakaanga, yule anachoma, mwingine anapika kwa mvuke. Katikati kuna jukwaa la mbao, na kila Jumamosi ngoma za makwao hupanda kwa zamu. Watu wa mjini huja kula vya wenzao, wakatazama michezo ya wenzao, wakapiga picha, kisha kila mmoja akarudi nyumbani na watu wake. Mimi napika mboga chungu za kwetu, na mji mzima huu sijaona mwingine wa kwetu. Lugha yangu naiongea kwenye simu tu, na shangazi aliyenilea. Shangazi akiishiwa chaji, basi siku hiyo inapita bila neno moja la nyumbani.

Kimya naye hivyo hivyo. Wenzake wa kikundi wametoka kwingine. Wa kwao ni yeye na ngoma yake. Wateja wengine huonja mboga yangu wakasema "tamu" huku wanatafuta maji. Yeye siku ya kwanza alimaliza akafuta sahani.

"Si chungu?" nikamuuliza.

"Chungu sana."

"Mbona umemaliza?"

"Haijifanyi."

Nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Akaomba namba yangu, eti ya kuagizia. Tangu hapo kila asubuhi meseji: "Shikamoo mpishi. Niwekee." Nami: "Mimi si bibi yako. Nimekuwekea." Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yetu, na usinicheke. Nilikuwa naamka kwenye chumba ambacho hakuna hata wa kuniambia nimekoroma. Meseji ile ndiyo iliyonitoa kitandani.

Basi Alhamisi, alipomaliza kula, akasimama mbele ya kibanda changu anapangusa mikono muda mrefu.

"Jumamosi nitakupigia."

Hajawahi kunipigia hata siku moja, ni meseji tu.

"Kuna nini?"

"Nina neno. Kiswahili changu cha kuazima, nikilisema hapa nitaliharibu. Jua likipoa. Usiwe na kazi mkononi. Nataka usikilize mpaka mwisho."

"Nitasikiliza."

"Usinicheke."

"Sicheki."

Sasa Jumamosi pale uani, ngoma zikianza, mtu akikuita sikioni husikii, sembuse simu. Ndiyo maana nikafunga kibanda siku ambayo hata wagonjwa hufungua, nikajifungia chumbani na simu mapajani.

Jua likapoa. Simu ikalia! Nikairukia.

"Mwanangu, hujambo?"

"Shikamoo shangazi. Tuongee baadaye, tafadhali."

"Baadaye ipi? Yule bwana aliyefiwa na mkewe ameuliza tena. Mtu mpole, ana nyumba, na watoto wake wanaongea lugha yetu. Wewe huko unaongea na nani?"

"Na watu."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Nilitaka kumtaja Kimya. Lakini nitamtajaje mtu ambaye bado hajapiga? Nikasema naumwa kichwa, nikaaga. Giza likaingia, nikalala na nguo zangu nzuri, simu kwenye mto. Nililia, nitasema uongo wa nini.

Jumapili hola. Jumatatu hakuna "niwekee". Mchana akapita mbele yangu na macho yake chini, akaenda kula kwa mwenzangu wa kona. Sahani yake nilikuwa nimeshaitenga, nimeifunika. Damu ikanichemka nikamwandikia: "Asante sana kwa Jumamosi."

Jibu likaja: "Nilikupigia. Hukutaka kusikia. Nimeelewa, una mtu wako."

Alinipigia? Nikatazama simu zilizoingia: shangazi, Barafu, basi! Mwongo mkubwa! Tena ananisingizia mtu! Namba yake nikaifungia palepale, na kabla hasira haijapoa nikampigia shangazi.

"Mwambie huyo bwana nakuja."

"Kweli mwanangu? Hutanigeuka? Maana nikishalisema hili neno, lawama zote ni juu ya kichwa changu mimi."

"Kweli, shangazi."

Akalia kwa furaha. Mimi nikamenya vitunguu, nikapata kisingizio changu.

Siku ya kuondoka Barafu alikuja kunisaidia kufunga vyombo. Basi lilikuwa la jioni. Anafunga sahani kwenye magazeti, na ajabu, hasemi. Mwishowe akashindwa.

"Huyo anayekuoa ndiye uliyekuwa unamsubiri Jumamosi ile?"

"Nani alikwambia namsubiri mtu?"

"Wewe! Na mimi nikamwambia Kimya."

"Ukamwambia nini?"

"Alishuka jukwaani jasho linamtiririka, akauliza, 'Chumvi yuko wapi?' Nikamwambia yuko kwake, anamsubiri mtu. Maskini, uso ulimshuka. Na alivyokupigia vile!"

"Barafu, usinitie wazimu! Hakunipigia. Nilikaa na simu mkononi mpaka ikapata joto."

Barafu akaacha kufunga.

"Simu ya nini? Alikupigia ngoma! Walipomaliza za kikundi akawaambia wenzake wakae chini. Akasema, 'Hii nampigia Chumvi.' Halafu akapiga peke yake, polepole, macho yake kwenye kibanda chako kilichofungwa. Mimi sijui ya kwao, lakini nililia na juisi yangu. Kwani wewe ulidhani atakupigia nini?"

"Simu."

Alicheka! Alishika tumbo, akashika ukuta. Kisha akaniona nilivyokaa sakafuni katikati ya sufuria, kicheko kikamkatika.

"Jamani. Chumvi. Inuka, nenda."

Nilimkuta nyuma ya jukwaa, anawamba ngozi mpya kwenye ngoma. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia unaolewa," akasema.

"Ulisema utanipigia."

"Nikapiga."

"Nilidhani simu! Nilijifungia ndani nisikie simu. Huyo mtu niliyekuwa namsubiri ni wewe, mjinga wewe!"

Mkono wake ukasimama juu ya ngozi. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Watu wote walikuwa wananitazama," akasema. "Nilipiga kwa kibanda kilichofungwa."

"Na mimi nilisubiri kwa simu isiyolia. Nani kaumia zaidi, tushindane?"

Kisha akaanza kusema kwa lugha ya kwao, taratibu, ananitazama machoni. Sikuelewa hata neno. Lakini sauti ile, na macho yale yaliyojaa maji! Nikasema moyoni, ndiyo hilo neno lenyewe. Nikamjibu kwa lugha ya kwetu.

"Umesema nini?" akauliza.

"Nimesema ndiyo. Nimekubali. Wewe ulisema nini?"

Akaikwaruza ngozi kwa ukucha.

"Nilisema, safari njema. Mungu akupe mume mwema."

Ardhi ipasuke inimeze! Niligeuka nikimbie, nikajikwaa kwenye mguu wa ngoma, akanidaka mkono.

"Umekubali nini, Chumvi? Maana sijauliza."

"Basi uliza! Kwa Kiswahili! Haribu, lakini uliza!"

"Wewe bakia," akasema. "Wewe bakia na mimi, mimi nataka kuzeeka."

Kiswahili gani hicho, hata sijui.

"Nabaki," nikasema.

Shangazi nilimpigia palepale, Kimya ameshika mkono wangu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Watu wameshasafisha nyumba, mwanangu," akasema. "Mimi nitawaambia nini?"

"Nisamehe, shangazi."

"Huyo anaongea lugha yetu?"

"Hapana."

"Basi nimekuelewa."

Akakata. Kila nilipopiga tena, haikupokelewa.

Harusi tulifanyia uani, mchana. Kila kibanda kilileta sahani ya kwao, na vikundi vikapanda jukwaani kimoja baada ya kingine. Viti tulikuwa tumepanga pande mbili, ndugu wa bwana na ndugu wa bibi. Upande wa Kimya wakakaa wenzake wa kikundi. Upande wangu ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimeweka kiti cha shangazi mbele kabisa, nimekitandika kitambaa, na jicho langu lilikuwa mlangoni muda wote. Hakuja. Kimya aliniona, akaniminya vidole.

Mara nikasikia vigelegele kutoka upande wangu. Nikageuka nimeshashika kifua, nadhani ni yeye.

Alikuwa Barafu. Ameacha juisi zake, amekaa kwenye kile kiti cha mbele, mkoba ameuweka kiti cha pili na mtandio kiti cha tatu, anapiga vigelegele peke yake kwa ajili ya ukoo mzima, na machozi yanamtoka.