Waliokung'utwa

Mana Proning alipofungua ofisi asubuhi ile na kupangusa benchi la wageni, kitambaa kilimtoka mkononi. Benchi lilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana jua la mji wetu wa Hinagonoy lilikuwa limejificha nyuma ya mvua tangu juzi. Lilikuwa joto la watu waliokaa muda mrefu wakainuka sasa hivi. Akalipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, na lote lilikuwa hivyo hivyo. Kisha akanusa nta ya mshumaa na kahawa ya matanga, ile inayochemshwa mpaka inakuwa chungu, na birika la ofisi lilikuwa kabatini, kavu.

"Leo wageni wameniwahi," akasema kwa utani, akacheka peke yake. Baadaye alijuta sana kwamba alicheka.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya kusajili vizazi, ndoa na vifo, na Proning, tuliyemwita Mana kama aitwavyo dada mkubwa yeyote, alikuwa karani wake tangu usichana. Huku kwetu Samar, kisiwa cha Ufilipino, ukitoka kwenye matanga huendi nyumbani moja kwa moja. Unapitia mahali, dukani au kwa muuza mikate, unakaa kidogo, unajikung'uta, ili marehemu asikufuate mpaka kitandani. Hilo halina mjadala, hata padri wetu akishazika hupitia kwa kinyozi, na kichwa chake hakina unywele. Sasa Proning, aliyechoka kuwabembeleza watu waje kusajili vifo vya ndugu zao, alipata wazo. Kwa nini wasijikung'utie ofisini? Likatangazwa kwa kipaza sauti cha kanisa: mkitoka makaburini piteni kwetu, kuna benchi, kuna kahawa na biskuti, mtajikung'uta na cheti cha kifo mtakipata hapo hapo. Watu wakaja kwa wingi, viatu vikiwa bado na udongo wa kaburi.

Bosi wake, Teodulo Abrematea, alivimba kichwa. Alichora mistari mitatu kwenye karatasi kubwa akaibandika ukutani.

"Ona mstari wa vifo unavyopanda!" alikuwa akimwambia kila aingiaye. "Mkoa mzima hakuna anayetufikia."

"Na wa vizazi, bosi?" Proning akamuuliza siku moja.

"Huo unashuka. Vijana wa leo wanalala na simu zao."

"Na wa ndoa?"

"Nani aoe, Proning, bei ya nguruwe wa karamu ikiwa hivi?" Akacheka mpaka akakohoa, akatazama saa, akatoka kwenda zake kunywa tembo la mnazi, kama alivyofanya kila jioni kabla ya kurudi kwa mkewe.

Proning hakucheka. Yeye ndiye aliyekaa dirishani, na alijua kwamba watoto wanazaliwa kama zamani. Tatizo lilikuwa kwamba mama zao hawaji tena. Aliwaona walivyokuja hapo mwanzo: mtoto analia njiani kote, akivushwa kizingiti ananyamaza ghafla, anakodolea macho benchi tupu, macho yanatembea taratibu kutoka kichwa kisichokuwepo hadi kichwa kingine kisichokuwepo. Kisha wanarudi nyumbani na cheti chao, na usiku huo homa inaanza. Wengine walipona. Wengine walirudi ofisini kwake upesi mno, safari hii wakiletwa na baba aliyevaa nyeusi, na Proning akawaandika mara ya pili, kwenye daftari la vifo. Maharusi nao waliosajili ndoa walianza kusimulia kwamba kitandani hawako wawili. Mji ukaanza kunong'ona.

Na nyumbani kwake Proning kulikuwa na Rosevic, binti yake wa pekee, mwenye mimba ya miezi minane. Mume wa Rosevic alikuwa baharini na meli za watu. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka. Hii ya tatu Proning alikuwa akiichunga kama mtu anayebeba maji kwenye kiganja, na hakuthubutu hata kununua nguo ya mtoto.

Jioni moja walipokuwa wakila wali na samaki mkavu, Rosevic aliweka kijiko chini.

"Nay," akamwita mama yake kwa sauti ndogo, "hao unaorudi nao kila siku ni akina nani?"

"Akina nani tena?"

"Ukiingia wewe, mlango haujifungi mara moja. Unasubiri. Halafu nasikia viti vinasogezwa, nasikia karata zinachanganywa, kama kwenye matanga. Na leo mchana, Nay, nimelala, mtu ameniwekea mkono hapa." Akagusa tumbo. "Mkono wa baridi. Alikuwa anasikiliza."

Proning hakulala. Asubuhi hakwenda kwa daktari wala kwa padri. Alikwenda kumtafuta bibi mganga aitwaye Apoy Sabing, akamleta ofisini saa ya chakula cha mchana, bosi akiwa hayupo.

Mvua ilikuwa inapiga mabati na umeme ulikuwa umekatika. Apoy Sabing alisimama kizingitini na bakuli lake la maji na kipande cha mshumaa, asiingie.

"Yesu, Maria na Yosefu," akanong'ona. "Mwanangu, umefanya nini humu?"

"Nimewakaribisha watu wajikung'ute, Apoy."

"Na waliokung'utwa je? Ulidhani wanakwenda wapi?" Bibi akashika fremu ya mlango. "Mtu akijikung'uta dukani, marehemu anabaki dukani kidogo, anachoka, anakwenda zake, maana hapo hapana wa kumjali. Wewe umewapa benchi. Umewapa kahawa. Umewaandika, umewaita kwa majina yao mbele ya watu. Wanakaa, wanangoja mtu yeyote anayetoka humu kwenda nyumbani, wamfuate. Waliotoka matanga wanajua kujilinda. Lakini nani ameshasikia mtu anajikung'uta baada ya kusajili mtoto? Nani anajikung'uta baada ya harusi?"

Bibi alikuwa hajamaliza.

"Na wewe, ukitoka kazini, unapitia wapi?"

"Sipiti popote, Apoy. Nina binti mjamzito, naenda nyumbani moja kwa moja."

Hapo hapo alisikia alichokisema, na akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, maana aliona jioni zote za mwaka ule zimepangana mbele yake, yeye anatembea haraka na mwavuli wake kumwahi mwanawe, na nyuma yake, kwenye njia ile ya matope, msafara wa watu wote aliowaandika kwa mwandiko wake mzuri, nahodha Doroteo na Mana Salud na Melchor aliyezama na mwalimu Resurreccion na vile vichanga vilivyoandikwa mara mbili, wanamfuata kimya kimya mpaka mlangoni, wanapangusa miguu, wanaingia.

"Na bosi wangu?" akauliza akilia. "Mbona kwake hakuna kitu?"

"Yule mlevi? Yeye kila siku anapitia kilabuni. Anajikung'uta bila kujua."

Apoy Sabing alijaribu. Asije mtu akasema hakujaribu. Alidondosha nta kwenye maji, akasoma, akawaamuru kwa jina la watakatifu aliowajua na wengine wa milimani ambao padri hawajui. Benchi likalia, mara moja, kama watu wengi wameinuka pamoja. Mshumaa ukazimika na bibi akatoka nje kinyumenyume.

"Ni wengi," akasema kwa shida. "Mmoja ningemfukuza. Hawa wana mwenyeji, na mwenyeji ni wewe. Ukipita sokoni, watapita sokoni na wewe. Usirudi nyumbani, basi. Usipokwenda nyumbani wewe, hawana njia ya kumfikia binti yako."

Proning hakurudi. Alituma ujumbe kwa binti yake, akamweleza yote, akamsihi asikanyage ofisini, na akawa analala chini ya meza yake ya kazi. Alilala akisikia karata zikichanganywa juu ya kichwa chake na mtu akikohoa kikohozi cha marehemu fulani aliyemfahamu vizuri. Mchana alijifanya mzima. Mtoto alizaliwa yeye akiwa hapo, mita chache kutoka kanisani ambako kengele ililia, akapata habari kwa simu, wa kiume, mzima, analia vizuri, anaitwa Eliseo. Akajifungia chooni akalia kwa furaha na kwa uchungu, hata hakujua ni lipi lililozidi.

Baada ya wiki chache Rosevic alishindwa. Alikuja kwa pikipiki yenye kigari ubavuni, ya dereva Berting, akasimama nje kabisa kwenye mvua, mtoto amefunikwa, analia.

"Siingii, Nay!" akaita. "Mwangalie tu dirishani. Hujamwona hata mara moja!"

Proning alinyanyuka ampungie mkono aondoke, lakini bosi alikuwa amewahi mlangoni. Mtu huyu hakuwa ameandika kizazi tangu mwezi uliopita, na mstari wake ukutani ulikuwa unamuumiza.

"Mtoto! Mtoto mpya!" akapiga kelele za furaha. "Mvua yote hii mnasimama nje, mna akili nyie?" Akamchukua Eliseo mikononi mwa mama yake kwa mbwembwe zake zote, akaingia naye ndani, akamlaza kwenye benchi.

Mtoto akanyamaza.

Rosevic alimfuata mbio, akamnyakua, akatoka, akaruka kwenye kigari. "Nyumbani, Mano Berting! Haraka!"

Berting akawasha. Pikipiki ikanguruma pale pale. Kigari kilikuwa kimelala mpaka kinagusa matope, springi zote zimeshuka, na ndani alikuwemo mwanamke mmoja mwembamba na kichanga.

"Mbona mzito hivi?" Berting akashangaa. "Umebeba gunia la mchele, Inday, binti yangu?"

Proning akatoka bila viatu. Alisimama mbele ya pikipiki, mvua inampiga usoni, na akaanza kuita kwa sauti ya dirishani, ile ya kuita foleni: "Nahodha Doroteo! Mana Salud! Melchor! Mwalimu Resurreccion! Mwenyeji wenu ni mimi! Huko si nyumbani, nyumbani ni huku makaburini, niandameni mimi!" Na kadiri alivyoita jina, ndivyo kigari kilivyoinuka, kidogo, tena kidogo, mpaka la mwisho lilipotamkwa kikaruka juu na Berting akaondoka kwa kishindo bila kutazama nyuma. Watu waliokuwa barazani walimwona Proning ameinama kana kwamba ametwishwa mzigo, akageuka, akafuata njia ya makaburini.

Lakini alikuwa amewaambia kwamba nyumbani ni huko, na wafu hawapendi kudanganywa. Ikabidi kuwe nyumbani. Akahamia kwenye kibanda cha mlinzi kati ya makaburi, akapika humo, akafua humo. Ofisi ikatulia. Vizazi vikaanza kusajiliwa tena, mstari wa bosi ukapanda, naye akasifiwa.

Rosevic alikuwa akimpelekea chakula getini, peke yake. Kumkumbatia mama yake hakuweza. Walizungumza kupitia vyuma.

"Unakonda, Nay."

"Mtoto anakula?"

"Anatembea sasa. Nimlete umwone?"

"Thubutu!"

Ikaja Siku ya Watakatifu Wote, tarehe moja Novemba, mji mzima umehamia makaburini na mishumaa, wali na redio, watoto wanakimbizana juu ya makaburi mchana kweupe. Rosevic akaona hakuna siku salama kuliko hiyo. Kila mtu yupo, kila kaburi lina ndugu zake. Akasimama nje ya geti na Eliseo mkononi, ili bibi amwone kwa mbali, basi. Proning akatoka kibandani. Hakukasirika. Alisimama akimtazama mjukuu wake mara ya kwanza bila dirisha katikati, na machozi yakamshuka na akatabasamu.

Mtoto akachomoka mikononi mwa mama yake, akatua chini, akapita kwenye upenyo wa geti kabla hajashikwa. Akatembea kwa miguu yake mifupi mpaka kwa bibi. Akamshika mkono, akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama watoto wetu wote wanavyofundishwa kumwamkia mkubwa na kupokea baraka yake.

"Mungu akubariki, apo ko, mjukuu wangu," Proning akasema.

Kisha Eliseo akasogea hatua moja kando. Akanyoosha mkono, akashika hewa kwa heshima, akaigusisha kwenye paji lake. Akasogea tena. Akainamisha kichwa. Tena. Tena. Akawaamkia hivyo mmoja baada ya mwingine, wote waliomzunguka bibi yake, wengine akijinyoosha kwa vidole vya miguu kuwafikia, wengine akichuchumaa maana walikuwa wadogo kuliko yeye, na Proning akaelewa anachokifanya, kwa sababu mkubwa aliyepokewa hivyo na mtoto wa nyumba amekwisha kuwa mtu wa nyumba hiyo.

Alipomaliza, mtoto akainua mikono yote miwili juu, kama anayeshikwa huku na huku na watu wazima, akaanza kurudi getini akicheka.

"Funga geti!" Proning akapiga yowe. "Rosevic, funga geti!"

Rosevic alikuwa ameshalishika.

"Nay," akalia, "nifungeje, na mwanangu yuko ndani?"