Wali wa Wasiofika

Asubuhi hiyo mwani wa kwanza wa msimu ulishuka mweusi, unang'aa, na kaka yangu Pan-seok aliamka akipiga mluzi. Kiwanda chake cha kukausha mwani kilikuwa kinangoja vijana watatu wapya kutoka mjini Mokpo. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa kiwanda, na kanisani ni shemasi, japo shule yangu iliishia njiani.

Saa ya kazi ikafika, vijana hawakufika. Simu zao zimezimwa.

"Jana waliapa mbele yangu," kaka akafoka. "Leo wameyeyuka kama chumvi!"

"Usiwalaani, kaka. Pengine wamekwama."

"Na mitambo aiwashe nani, malaika wako?" Kisha akapoa. Hasira zake hazikukaa. "Haya, weka mabuti yao mlangoni, na chakula chao kiwe tayari. Wakija waone tuliwangoja."

Nikapanga jozi tatu za mabuti mapya nje ya kizingiti. Meza ya ndani ilikuwa imejaa vyombo, basi mabakuli matatu ya wali nikayaweka hapohapo nje, juu ya kreti. Nikawaombea safari njema.

Bibi Pong-nyeo, mwosha mwani wetu, akaja na toroli lake. Akaona. Akasimama.

"Shemasi, kafa nani humu?"

"Hajafa mtu, bibi. Ni vya wafanyakazi wapya."

"Mabakuli matatu. Viatu jozi tatu. Nje ya mlango." Akashusha sauti. "Mtu akifa, hivi huwekewa wale wajumbe watatu wanaokuja kuchukua roho. Wakishakula na kuvaa, huondoka na marehemu wao. Ninyi marehemu hamna. Wataondoka na nani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa kiburi, nikamwambia hayo ni ya watu wasiookoka. Akainama ayaondoe mabakuli. Nikamshika mkono.

"Acha, bibi. Chakula cha watu hicho."

Ukungu ukapanda kutoka baharini. Nilipotoka tena, mabuti hayakuwepo. Mabakuli yalikuwa meupe, kama yamelambwa.

"Kaka! Wamekuja!"

Akatoka mbio, amefurahi kama mtoto. "Wako wapi?"

Sauti ikatoka ukumbi wa kukaushia.

"Kwak Pan-seok."

Tukatazamana. Kwetu hata mlevi hamwiti bosi wake jina kavu.

"Wamechelewa, na adabu hawana," kaka akacheka.

"Kwak Pan-seok."

Bibi Pong-nyeo akanivuta aproni kwa nyuma. "Asiitike," akanong'ona. "Mzibe mdomo. Ya tatu asiitike, watamchukua."

Nikafungua kinywa. Lakini kumzuia kungekuwa kukiri kwamba bibi kasema kweli, na mimi ni shemasi. Nikasita.

"Kwak Pan-seok."

"Nipo! Naja!"

Akaingia. Mlango ukajifunga. Hakuna kelele. Hakuna hatua. Tulipoufungua, kaka alikuwa chali katikati ya chanja, macho wazi. Mle ndani hapakuwa na mtu mwingine.

Daktari alisema ni moyo. Kabla jua halijazama kaka alikuwa chumba cha maiti.

Siku ya mazishi wale vijana walikuja, suti nyeusi za kuazima. Wakainama mbele ya picha yake. Mmoja wao, Tae-gu, alilia kweli.

"Tusamehe, mama. Kiwanda kingine kilituvuta. Usiku uleule tukaona haya, tukampigia bosi. Hakupatikana. Baadaye akatuachia ujumbe wa sauti."

"Usiku upi?"

"Wa siku ile ya kazi, mama, jua lilikuwa limeshazama."

Simu ya kaka ilikuwa mfukoni mwangu tangu hospitali, imezimwa. Tae-gu akanisogezea yake sikioni. Ilikuwa sauti ya kaka, si ya mwingine.

"Msije, wanangu. Nafasi zimejaa."

Nikasikiliza tena. Nyuma ya maneno kuna hatua za watu juu ya changarawe, haziharakishi. Kaka anahema, kama mtu anayelazimishwa kufuata mwendo wa wengine. Kisha mmoja wao anauliza, polepole:

"Aliyepika ni nani?"

Ujumbe unakatika kabla kaka hajajibu.