Kadi Yenye Mstari Mwekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Mongina alichota maji kwenye mfereji wa kambi pamoja na rafiki yake Chepkorir. Nyumba zao zilipakana ukuta kwa ukuta katika kambi ya wachuma chai huko Kericho. Moshi wa jiko la huku uliingia kwa jirani bila hata kubisha hodi.

"Leo mama amefungua kibuyu kipya cha maziwa ya mgando," Chepkorir alisema asubuhi moja ya mwaka wa 1996. "Njoo jioni. Lakini usitumalizie mursik kama juzi, wewe mwenye tumbo la debe!"

"Ni mama yako hunijazia kikombe. Mimi nani nikatae?" Mongina alijibu, nao wakacheka hadi maji yakamwagikia miguu yao.

Janeffer, mama yake Chepkorir, ndiye aliyekuwa akimwangalia Mongina tangu mama yake, Gesare, alipofariki msimu wa mvua uliopita. Gesare alikuwa mchumaji hodari. Siku moja, Mongina akiwa shuleni na baba yake kazini, alianguka, akapelekwa kwenye zahanati ya kampuni, na hakurudi.

Mongina hakujua mama yake aliuawa na ugonjwa gani. Alipomuuliza baba yake, Nyagaka, mzee huyo aliinamisha kichwa. "Siku ile waliniambia, mwanangu. Lakini masikio yangu hayakuwa yangu."

Swali hilo lilimkaa Mongina kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, katika ofisi ya kampuni alikuwako karani wa kutunza faili, Bwana Okello. Watoto wa kambi walimpenda kwa sababu aliwapa karatasi kuukuu za kujalidia vitabu. Siku moja alikuwa amemwonyesha Mongina sanduku refu la kadi.

"Kila faili ina kadi yake hapa," alimweleza. "Kadi inakuambia faili iko kabati gani na nani anailinda. Ukiona mstari mwekundu, hiyo haiguswi hivi hivi. Unaomba, unasema unaitakia nini, na mwenye kuilinda akikubali, ndipo inafunguliwa."

Jumamosi moja Mongina alifika ofisini akamkosa Bwana Okello. Alikuwa ametoka nje kuangalia lori la majani likipimwa. Mongina alilitazama lile sanduku. Akijiambia kwamba mtoto kama yeye angekataliwa tu, aliivuta kadi moja, kisha nyingine, mpaka akakuta jina la mama yake. Mstari ulikuwa mwekundu kama damu. Kabati halikuwa limefungwa.

Faili ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa mkono wa haraka. Katika ukurasa wa kwanza Mongina aliambulia maneno machache tu. Kunywa. Mursik. Jirani. Kabla hajafunua ukurasa wa pili alisikia viatu vya Bwana Okello kwenye changarawe. Aliirudisha faili upesi, akatoka mbio. Kadi aliisahau mkononi.

Jioni hiyo hakwenda kwa Janeffer. Alimwambia baba yake alichosoma.

Nyagaka hakuwa mtu wa kelele. Lakini huzuni iliyokaa muda mrefu bila pa kutokea ni kama maji nyuma ya ukuta wa udongo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mfereji, wanawake wakiwa wamejaa na ndoo zao.

"Mama Chepkorir! Ulimpa mke wangu nini kwenye kibuyu chako?"

Ndoo ya Janeffer ilimtoka mkononi. "Baba Mongina, unasema nini? Gesare alikuwa dada yangu."

"Dada hamuui dada!"

Neno likishatoka halirudi. Kesho yake hakuna aliyemsalimu Janeffer. Shuleni watoto walimzomea Chepkorir: "Kaeni mbali, atawapa mursik!" Chepkorir alimwangalia Mongina, akingoja rafiki yake aseme kitu. Mongina alijifanya anatafuta kalamu.

Wiki haikuisha kabla Janeffer hajavipasua vibuyu vyake nyuma ya nyumba, kimoja kimoja, akafunga mizigo na kwenda kwa mama yake huko Soin. Dawati la Chepkorir likabaki tupu.

Bwana Okello alikuwa amekuta faili imewekwa kichwa chini na kadi yake haipo. Aliposikia maneno ya kambi, alielewa. Alifika kwa Nyagaka akiwa amevua kofia. Kabla hajauliza, Mongina aliitoa kadi ndani ya kitabu chake, akalia.

"Ungeniuliza, mama, ningekufukuza?" karani alisema kwa upole. "Mume wa marehemu ana haki ya kuomba. Mlinzi wa faili hizi ni Sista Mosoti wa zahanati. Nami nina kosa langu, niliacha kabati wazi. Baba Mongina, twende tuombe inavyotakiwa."

Waliomba. Nyagaka alieleza sababu yake bila kuficha, na siku chache baadaye Sista Mosoti aliwaita yeye na Mongina. Aliifungua faili juu ya meza, akawasomea polepole kwa Kiswahili.

"Gesare alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni. Ulianza na maumivu ya koo yasiyotibiwa. Wazazi wengi huyaona madogo, kumbe yanaweza kuushika moyo. Mongina, ukiumwa koo usinyamaze, njoo hapa."

"Na mursik?" Nyagaka aliuliza.

"Kila mgonjwa tunamuuliza amekula nini. Chakula kilikuwa hakipiti, mursik tu ndiyo iliyopita. Haikumdhuru." Sista alifunua ukurasa wa pili. "Na huyu ndiye aliyemleta. Alimbeba mgongoni kwenye mvua, akakaa naye mpaka mwisho. Hakujua kuandika, akaweka dole gumba."

Chini ya ukurasa palikuwa na alama ya kidole, na kando yake jina: Janeffer.

Nyagaka aliufunika uso kwa mikono. Mongina hakuwahi kumwona baba yake akilia hivyo, hata siku ya mazishi.

Jioni ile ile Nyagaka alisimama kwenye mfereji, mbele ya wanawake wale wale, akasema wazi kwamba amekosa. Siku ya soko alimchukua Mongina wakashuka hadi Soin kwenye joto. Janeffer alikuwa ameketi nyuma ya fungu dogo la wimbi, kibuyu kimoja kando yake.

"Chamgei," Nyagaka alisalimu kwa lugha ya Janeffer, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Chamgei mising," Janeffer alijibu, bila kuinua macho.

Nyagaka aliomba msamaha mbele ya soko zima, kisha akaomba kunywa. Janeffer alikitikisa kibuyu, akammiminia. Nyagaka alikunywa mpaka tone la mwisho, watu wakitazama.

"Mama, mimi ndiye niliyeanza," Mongina alisema.

Janeffer alimvuta karibu. "Chungulia humu. Unaona nini?"

"Naona weusi tu."

"Ni mkaa wa mti tunaopaka ndani ya kibuyu ili maziwa yawe mazuri. Anayechungulia peke yake atasema ni uchafu. Mambo ya mtu ni hivyo, mtoto wangu. Usiibe kuyatazama. Mwombe mwenyewe afungue na akueleze, ndipo utajua. Nimewasamehe. Lakini kambini sirudi. Miguu yangu imekataa."

Chepkorir alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Hakutabasamu. Lakini walipoaga, alichukua kikombe alichonywea Nyagaka, akakijaza tena, akampa Mongina bila kuulizwa.

Jumatatu Mongina aliamka mapema, akaenda kuchota maji peke yake.