Funda la Maji la Shekuwe

Zama zile pwani ilipokuwa miji yenye kuta, na kila mji una mfalme wake, Mtangauni na Kiwandeo ziligombea kisima kimoja kilichokuwa baina yao. Watu walikuwa wamezikana hata wakachoka. Basi wafalme wakaafikiana: kila mji utoe mchezaji mmoja wa kirumbizi, wapigane kwa bakora za mkwaju, na kisima kiwe cha atakayeshinda.

Kirumbizi cha miji ile kilikuwa na sharti lake. Mchezaji aliingia uwanjani na funda la maji mdomoni, na watu wa upande wa pili ruhusa kumtukana watakavyo. Akijibu, akicheka, maji yakimtoka, ameshindwa. Na maji yakishamwagika, bakora haziinuliwi tena. Atakayepiga baada ya hapo amepoteza kila kitu, yeye na mji wake.

Mtangauni ikamtoa Shekuwe. Alikuwa na hasira za moto wa makuti, lakini mjomba wake Ngwali, fundi wa bakora, alimlea na lile funda: akichanja kuni, akipita sokoni, maji mdomoni. Watu wakamwona ametulia tuli, wakasema ameiva.

Asubuhi ya pambano mkewe Mwanakheri alimfunga kilemba, mtoto yu mgongoni.

"Watakutukana hawa, mume wangu. Hawana haya."

"Wacha watukane. Maneno hayatoboi ngozi."

"Na moyo je?"

Shekuwe akacheka, akaubusu unyayo wa mwanawe, akaenda.

Zumari ikalia. Chande wa Kiwandeo alikuwa pande la mtu, kikoi amekikaza kiunoni. Bakora zikagongana, ka! ka! Shekuwe akakinga, akazunguka, akamchapa begani. Wakiwandeo wakaanza: mara miguu yake, mara meno ya mamake. Wapi! Shekuwe kama hasikii. Ndipo mtani mmoja akasimama.

"Ewe Shekuwe! Ulikwenda bara mwaka mzima kutafuta pembe, huku nyumbani wenzio wakakuchongea mtoto!"

Uongo mtupu, alimwacha mkewe na mimba changa. Lakini uwanja wote ukaangua kicheko. Maji yakamchemka Shekuwe mdomoni, hayakutoka. Chande, maskini, ndiye aliyenogewa na utani wa kwao. Mashavu yakamvimba, akajikaza, wapi, maji yakamruka hadi puani.

Mtangauni imeshinda! Vigelegele vikapaa. Chande akaitupa bakora yake, akainama kama ilivyo ada, mabega yangali yakimtikisika kwa kicheko.

Shekuwe akayameza maji. Hasira hakuimeza. Bakora ikapanda, ikashuka kwenye kisogo cha mtu aliyeinama.

Chande hakuinuka tena.

"Alikuwa anamcheka mwanangu, mjomba," Shekuwe akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Ngwali alikuwa amepiga magoti penye maiti. "Alikuwa anacheka tu, baba. Kicheko ni kama chafya, humtoka mtu." Akamfumba Chande macho. "Mdomo niliufunga. Mkono, ole wangu, niliuacha wazi."

Kisima kikawa cha Kiwandeo. Shekuwe akafukuzwa siku ileile, wala Mwanakheri hakuweza kumfuata porini na kitoto kichanga. Vitabu vya tarehe za miji ile vimemwita muuaji, na havikukosea.

Alizeeka bara, akiwachongea watu mipini ya majembe. Siku moja akapita mpagazi wa Mtangauni, Shekuwe akampa kata ya togwa na kumuuliza habari za nyumbani.

"Siku zile kisima kilipotutoka, wanawake wetu walifukuzwa kisimani na mitungi mitupu," mpagazi akasema. "Mwanakheri naye akageuka arudi. Mamake Chande akamwita. Akateka kwa mkono wake, akamjazia. Akamwambia, 'Chukua, mwanangu. Kiu ya mtoto haina mji.'"

Shekuwe aliitazama patasi yake. "Mama yule alimwona mtoto?"

"Alimpakata, bwana. Akamkagua sana uso."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Huyu ni babake mtupu.' Kisha akalia."