Simu Zisizoletwa kwa Fundi

Kila nikitoka shule napitia dukani kwa baba. Baba ni fundi simu. Chumba chenyewe kidogo: meza moja, taa ya kuinama, na viti viwili, kimoja kinayumba. Kazi yangu ni kutenganisha skrubu. Za mgongo naweka kwenye kifuniko chekundu, za ndani kwenye cheupe. Nikichanganya, baba hasemi kitu, anakohoa tu, nami najua.

Dada alikuwa na kona yake karibu na mlango, anasuka watu nywele. Alikuwa amemaliza shule na amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ada yake baba alikuwa anaiweka kidogo kidogo kwa miaka, na dada mwenyewe anaongezea za kusuka. Viatu vyeupe vya chuo alishanunua. Vilikaa kwenye boksi juu ya kabati, na kila Jumapili alivishusha, akavivaa, akatembea juu ya mkeka tu ili visichafuke.

"Nesi, njoo unipime presha," baba alipenda kumtania.

"Lipa kwanza hela ya faili, mzee."

Siku moja baba aliacha bisibisi, akatazama lundo la simu mbovu mezani.

"Kimya," akaniita. Hilo ndilo jina langu la nyumbani. "Umewahi kuona simu ya Kobe hapa?"

Kobe ni zile simu zenye picha ya kobe mgongoni. Nikatikisa kichwa.

"Umeona? Hizi nyingine zinakuja kila siku. Mara kioo, mara chaji, mara imeingia maji. Kobe haiji. Maana yake ni chuma ile."

Jioni akamwita mjomba, kaka yake mama, anayefanya kazi kwa madalali wa hisa, amweleze namna ya kununua hisa za kampuni ya Kobe. Mjomba alieleza taratibu mpaka hata mimi nikaelewa. Hisa ni kipande kidogo cha kampuni. Kampuni ikifanya vizuri, kipande chako kinapanda bei. Ikianguka, unaanguka nayo.

"Lakini shemeji, gawanya," mjomba alisema. "Weka kidogo huku, kidogo kule. Na pesa ya ada usiiguse kabisa."

"Wewe unazisoma kwenye karatasi. Mimi nazipasua matumbo kila siku. Nani anazijua simu hapa?"

Mjomba akacheka, akainua mikono. "Haya, daktari."

Baba akaweka pesa zote kwenye hisa za Kobe, na ile ya ada humohumo. Dada asiambiwe, alisema, anataka kumfanyia sapraizi.

Kesho yake nikiwa kwenye skrubu zangu nilimuuliza, "Baba, mbona shuleni sijaona mtu mwenye Kobe?"

"Kwani watoto wa shule wana simu?" akacheka.

Nilitaka kumwambia kwamba hata walimu hawana Kobe. Lakini alishainamia taa yake, nami nikarudi kwenye skrubu.

Mwanzoni bei ilipanda. Baba alipiga mluzi kutwa nzima. Kisha ikaanza kushuka, na mluzi ukaisha. Akawa anachungulia simu yake hata mteja akiwa bado anaongea.

Ndipo akaja mlinzi wa ghala lililo ng'ambo ya barabara. Aliweka simu mezani, kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Mgongoni ina kobe.

"Fundi, niokoe. Nimezunguka maduka yote, hakuna mwenye kioo chake. Wananicheka, wananiuliza nimeiokota wapi."

"Hizi si huwa haziharibiki?" baba akauliza.

"Haziharibiki? Nani anayo mpaka aiharibu? Tangu niinunue sijakutana na mwenzangu. Ni mimi na kobe wangu tu."

Niliona mkono wa baba wenye bisibisi unashuka polepole mpaka ukalala mezani. Kobe hazikuletwa kwa fundi kwa sababu watu hawakuzinunua.

Wiki hiyohiyo mjomba alikuja, hakukaa. Kampuni ilikuwa inafunga viwanda. "Uza kilichobaki leo, shemeji." Kilichobaki hakikutosha hata muhula mmoja.

Baba alimwita dada. Akakaa yeye kwenye kiti kinachoyumba, akampa dada kile kizima. Alimwambia yote, hakupunguza.

"Na zangu za kusuka?" dada aliuliza, bado ameshika kitana.

"Na zako."

"Baba, ungeniuliza."

Alirudi kwa mteja wake. Baada ya muda nikamsikia yule mama akilalamika, "Taratibu mwanangu, unaniumiza."

Mjomba alikwenda na dada chuoni, na chuo kikakubali kumshikia nafasi mpaka mwaka ujao. Sasa asubuhi dada anasuka, mchana anakaa na baba mezani, anajifunza kubadilisha vioo. Anachopata kinaingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Baba hajamwita nesi tena. Jumapili boksi halishushwi.

Juzi baba alisogea karibu na vifuniko vyangu.

"Kimya, nisikilize. Niliangalia meza hii nikadhani naiona dunia nzima. Simu zilizokuja nilizijua. Zisizokuja, sikuuliza ziko wapi. Na pesa ambayo mtu anaitegemea kwa masomo yake haipelekwi kubahatisha, hata ukijiona una uhakika namna gani. Tena bila yeye kujua." Akakohoa. "Wewe uliniuliza swali zuri, nikakujibu ovyo. Mtu mzima akikujibu ovyo, uliza tena. Kwa adabu, lakini uliza."

Nikaokota skrubu moja, nikaizungusha vidoleni.

"Baba, dada ataenda mwakani?"

"Ataenda."

Dada alikuwa ameinamia simu ya mtu. Hakuinua kichwa.

"Baba, ataenda kweli?"

Safari hii hakujibu haraka. Aliweka bisibisi chini, akamtazama dada, si mimi.

"Nafanya kazi ili aende," alisema. "Hilo ndilo ninaloweza kuahidi."

Kisha dada akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe skrubu za ndani," akasema.

Nikamsogezea kifuniko cheupe.