Mshika Kamba wa Nyangoto

Jumatatu ya kwanza ya Agosti 2014, saa nne asubuhi, tovuti moja ya Ulaya inayoonyesha sanaa ya mtandaoni iliweka hewani kazi ya binamu yangu, Maftah Saadi. Kazi hiyo iliitwa Duara. Maftah aliifungua kwenye kompyuta yake katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake mjini Tarime, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa likizo kutoka gazeti nililokuwa nikiliandikia Mwanza.

Baba yake, Mzee Saadi, ni fundi cherehani. Aliacha suruali ya mteja kwenye mashine, akaja mlangoni na futi ya kupimia ikiwa shingoni.

“Sasa hiyo unaiuza wapi?”

“Haiuzwi, baba. Watu wanaitazama tu.”

“Bure?”

“Bure.”

“Basi hata msiba una faida. Msibani watu wanakula.”

Tulicheka. Akarudi kwenye suruali yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja mrefu. Duara ndilo jina la shimo la dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na ukurasa ule ulikuwa shimo. Mtazamaji anauteremsha kwa kidole na kuta zinapita, picha baada ya picha: udongo mwekundu, magogo ya kuzuia udongo, kisha mwamba. Sauti ya nyundo inakua kadiri unavyoshuka. Chini kabisa ameketi mtu mmoja, amekupa mgongo, taa ikiwa kichwani. Ukimfikia anaacha kugonga. Anaita mara moja, “Nikolaus!” Ukurasa unaishia hapo.

Mtu huyo aliitwa Werema. Nikolaus ni mdogo wake. Walikuwa na duara lao huko Nyangoto, wilayani Tarime, Werema akiwa wa chini na Nikolaus wa juu, mshika kamba. Wa chini akitaka kupanda anatikisa kamba. Hamwiti mtu.

Maftah alipoteremka kupiga picha, alimwomba Werema aite ili apate sauti ya mtu. Mazungumzo yao nimeyasikia kwenye rekodi.

“Mura,” Werema alisema, yaani kijana kwa lugha ya kwao, “jina haliitwi chini. “Kamba ipo.”

“Mara moja tu.”

“Ukimwita mtu ukiwa chini, akaitika, ameshika kamba yako. Haachii tena.”

“Si ni ndugu yako? Si anaishika kila siku?”

Werema alicheka. Akaita. Mimi nilikuwa juu, karibu na Nikolaus. Alikuwa anawasha sigara, akajibu bila kufikiri, “Nipo.”

Maftah alilikata jibu hilo. Alitaka mwito ubaki peke yake.

Jumanne ya pili ya Novemba, asubuhi, duara liliporomoka Werema akiwa chini. Kamba ilipita kwenye mikono ya Nikolaus ikazama yote, ikaondoka na ngozi ya viganja. Wachimbaji wa maduara ya jirani walifukua kwa siku kadhaa. Kila walipofukua, kuta zilianguka tena. Waliacha. Hawakumfikia.

Kwao ni Kenyamonta, wilaya ya Serengeti. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, familia ilikata mgomba wenye urefu wa Werema, wakaufunga kwenye blanketi lake, wakauzika pembeni ya zizi. Niliomba ruhusa ndefu kazini, nikaenda na Maftah. Baada ya maziko baba wa marehemu, mzee Mogesi, alimwita kando.

“Shikamoo, tata,” Maftah alisema.

“Marahaba. Ile picha ya mwanangu bado ipo?”

“Ipo.”

“Anagonga?”

“Anagonga.”

“Tumemzika leo. Mtu hazikwi huku yuko kazini. Mtoe.”

Maftah aliahidi. Tuliporudi Tarime aliwaandikia wenye tovuti. Walijibu kesho yake. Walitoa pole. Walisema kazi ikishapokelewa huhifadhiwa, na kuiondoa kunahitaji kamati, ambayo ingekaa mwishoni mwa Januari. Msanii anaruhusiwa kubadilisha picha na sauti, si kufuta. Waliongeza kwamba tangu habari za ajali zitoke watazamaji wamekuwa wengi sana, na kwamba wengi wameyapenda mabadiliko aliyoyafanya, hasa jibu.

Maftah hakuwa amebadilisha kitu.

Alivaa visikilizio akateremka hadi chini. Werema aliita. Kisha sauti ya pili, kutoka mbali, ikasema, “Nipo.” Alinipa visikilizio, nami nikaisikia. Tulikagua mafaili yote moja baada ya jingine. Jibu halikuwemo.

Wiki iliyofuata Tabitha, mke wa Nikolaus, alipiga simu. Alikuwa ananong'ona.

“Kaka Maftah, huyu anaitika.”

“Anamwitikia nani?”

“Hakuna mtu. Anakula, anaitika. Anakamua, anaitika. Halafu mikono inatoka damu.”

Kazi yangu ilinifundisha kutoandika nisichokithibitisha. Nilikwenda Kenyamonta. Adhuhuri Nikolaus alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Nilikaa mbele yake, simu ikiwa sikioni. Upande wa pili alikuwa Maftah, mbele ya kompyuta Tarime. Tulikubaliana anieleze anachokiona.

“Nipo kwenye udongo,” Maftah alisema. “Sasa magogo.”

Nikolaus alikuwa anapukuchua.

“Mwamba.”

Alikuwa anapukuchua.

“Nimemfikia. Ameita.”

Nikolaus aliinua kichwa. Hakunitazama. Alitazama ardhi kati yetu.

“Nipo,” alisema.

Gunzi lilianguka. Mikono yake ilifumba hewani, mmoja mbele ya mwingine, kisha ikanyooka. Kigoda kiliburutwa chini, yeye akiwa juu yake. Kikasimama. Alipofumbua viganja, ngozi ilikuwa imechubuka upya. Michubuko ilikuwa na msokoto wa kamba.

Nilimwambia Maftah arudie, safari hii asituambie lini. Nilikata simu. Tulikaa. Tabitha aliniletea maji. Nikolaus alikuwa anahesabu mbuzi wa jirani kwa kidole na kunitania kwamba watu wa Tarime hatujui kukaa kwenye kigoda.

“Mnakaa kama mnataka kukim—”

Akakoma.

“Nipo,” alisema.

Kigoda kiliburutwa tena. Nilipompigia Maftah, alisema amefika chini wakati huohuo. Nilitaka kurudia mara ya tatu.

“Basi,” Tabitha alisema. “Umeshaona.”

Mzee Mogesi alikuwa anatazama alama za kigoda kwenye vumbi. Zilielekea upande wa Nyangoto.

“Anamvuta,” alisema. “Hiyo kitu, wanaifungua watu wangapi kwa siku?”

Nilijua idadi. Ilizidi watu wa Kenyamonta.

Nikolaus mwenyewe aliomba afungwe. Walimfunga kiunoni kwenye mti wa zizi, mti uliozama ardhini karibu kimo cha mtoto. Alikula akiwa hapo. Alilala hapo. Alizungumza kidogo, kisha akaacha, kwa sababu kila alipofungua mdomo hakuwa na hakika neno gani litatoka. Watu walimsalimia, yeye akatazama chini. Katikati ya Desemba mti ulikuwa umeinama.

Maftah alijaribu alichoweza. Aliubadilisha mwito akaweka ukimya. Watazamaji wakaendelea kuusikia. Aliondoa picha ya Werema, akaacha giza tupu. Tulipoufungua ukurasa, Werema alikuwa pale, na chini yake kulikuwa na mwamba ambao Maftah hakuwahi kuupiga picha.

Asubuhi moja kabla ya Krismasi alinikuta dukani. Alifunga mlango wa chumba cha nyuma.

“Anataka mtu wa juu,” alisema. “Hajali ni nani. Anayeitika kwanza ndiye.”

“Na wewe unataka kuitika?”

“Siitiki mimi. Inaitika rekodi. Rekodi haina mikono.”

Alisogeza kinasa sauti mdomoni. “Nipo,” alisema, kama mtu anayejibu akiwa bafuni. Alikikata kipande hicho, akakibandika mara tu baada ya mwito, pasiwe na nafasi ya mwingine kujibu. Alihifadhi. Tuliungoja ukurasa ubadilike. Ulibadilika.

Tabitha alipiga kabla ya adhuhuri. Nikolaus alikuwa amelala kwenye majani, viganja vimefumbuliwa. Walikuwa wamemfungua. Alipoamka aliomba ugali. Hajaitika tena tangu siku hiyo. Nimekwenda Kenyamonta kumwona, na viganja vyake vimepona.

Mchana huo Mzee Saadi alimsikia Maftah akiitika chumba cha nyuma. Alidhani yuko kwenye simu.

Siku ya pili yake nilimkuta Maftah amezungushia mikono vitambaa vya bitana. Damu ilikuwa imepita.

“Itoe hiyo sauti yako,” nilimwambia.

“Nikiitoa, inarudi kwa Nikolaus.”

“Kamati inakaa Januari. Nikolaus ana ndugu, wanaweza kumfunga tena.”

“Ule mti umebakiza nini?”

Nilitazama vitambaa vya mikononi mwake.

“Inauma?”

“Sijui,” alisema. “Mwanzoni ndiyo. Sasa naona tu kazi inaendelea.”

Uso wake haukuwa na hofu. Haukuwa na kitu. Alikuwa anaitika katikati ya sentensi, kisha anaimalizia pale alipoikatiza. Alikataa kufungwa. Alisema chumba kina ukuta wa tofali pande zote nne, utamzuia.

Siku ya mwisho ya mwaka mama yake alimpelekea chai. Hakufungua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Chumba hakina dirisha. Mimi na fundi mmoja wa dukani tuliuvunja mlango.

Kompyuta ilikuwa inawaka. Kiti hakikuwa mezani. Kilikuwa ukutani, upande wa Nyangoto, miguu yake imechora saruji kutoka mezani hadi pale. Mbele ya kiti, chini, kulikuwa na vitambaa vya bitana.

Maftah hakuwemo.

Polisi walikuja. Waligonga ukuta, wakapima sakafu, wakamhoji kila mmoja wetu. Ukuta ni mzima. Jalada liko wazi.

Kamati ya tovuti ilikaa mwishoni mwa Januari, ikaiondoa kazi. Nimehakikisha: anwani ile haifungui kitu, na wenye tovuti wameniandikia kwamba nakala zote zimefutwa. Mzee Mogesi aliposikia, alimtuma Nikolaus Tarime na mgomba aliokata yeye mwenyewe. Nikolaus aliubeba begani kutoka stendi. Mzee Saadi alimkaribisha, akampa chai, akamshukuru.

“Lakini sisi hatuziki mgomba, mwanangu,” alimwambia. “Sisi tunamsalia.”

Nikolaus alikaa mpaka chai ikapoa. Kisha akaubeba mgomba, akarudi nao stendi.

Swala ya ghaibu ilisaliwa Ijumaa ya kwanza ya Februari 2015, baada ya swala ya Ijumaa. Watu walikuwa wengi. Wengine walibaki msikitini kuzungumza. Mimi na Mzee Saadi tulirudi dukani peke yetu, kwa sababu alikuwa ameahidi kumaliza sare za shule za mteja. Alifunga mlango wa barabarani ili asisumbuliwe. Aliketi kwenye cherehani.

Nilikwenda chumba cha nyuma kuchukua kompyuta, kwa kuwa familia ilikuwa imeniomba nikae nayo. Mlango mpya ulikuwa na kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mimi tangu siku seremala alipouweka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Kwenye vitufe vyake kulikuwa na tope la kijivu, lile la mwamba uliosagwa. Niligusa. Lilikuwa bichi.

Sikuita mtu. Sikusema kitu.

Mbele, cherehani ilikuwa inakimbia. Ikasimama.

“Nipo, mwanangu,” Mzee Saadi alisema.

Nilitoka. Alikuwa peke yake, anatazama sakafu mbele ya miguu yake. Ilikuwa saa nane na robo mchana.